Pindo la Karatasi ya Mahudhurio

Wifi yangu ni fundi cherehani, na hamwamini mtu. Kitambaa kilichopimwa dukani anakipima upya. Nguo ya kununua huipindua kwanza aone mshono. "Kikulacho ki nguoni," husema, "na nguoni kwenyewe ni kwenye pindo." Miaka kumi na minane nimemcheka kwa hilo.

Juzi wakazi tuliitwa shuleni, chumba cha darasa la nne, kuelezwa mpango wa mji wa miaka ishirini ijayo. Afisa mipango alibandika ramani ubaoni, rangi tele kama kopo la pipi. Barabara pana, mitaro, soko la ghorofa. Maneno yakateleza. Wifi akasogea, akafuata njia kwa kidole mpaka nyumbani kwake: chumba cha cherehani mbele, vya kulala nyuma. Pote kijani.

"Mwanangu, kijani ni nini?"

"Bustani, mama. Wananchi watapumzika."

"Na mimi nikapumzike wapi?"

Tukaangua kicheko. Afisa naye akacheka, cheko la meno tu. "Haya ni mapendekezo, mama. Hakuna nyumba itakayoguswa bila ridhaa yenu."

Ikapitishwa karatasi ya mahudhurio. Mimi nikaandika jina haraka haraka, nina maharage jikoni. Wifi akaipokea, asiandike. Akapapasa ukingo wa juu.

"Mbona imekunjwa?"

"Ilijikunja mkobani."

"Mkoba haukunji hivi, baba. Huu mkunjo umepigwa ukucha."

Akaukunjua, akasoma kwa sauti: "Orodha ya wakazi walioridhia mpango."

Nikachungulia begani kwake: jina langu lilikuwa la tatu.

"Fomu zimechanganyika," afisa akasema.

"Zimechanganyika na kucha?"

Wifi akaandika jina lake, na mbele yake: *nimefika, sijaridhia*. Akapiga mstari hadi ukingoni, pasibaki pa kuchomeka neno. Akanigeukia. "Haya, mwenye maharage, rekebisha lako." Nikarekebisha. Karatasi ikazunguka tena, kila mtu akaandika vivyo hivyo. Afisa akanyoosha mkono.

"Subiri kwanza. Tunaitolea kopi," wifi akamwambia.

Tukaenda wote dukani kwa mpiga chapa, afisa nyuma yetu kama bwana harusi aliyekataliwa. Akapewa karatasi yake, akaondoka bila kuaga.

Kopi wifi ameishonea ndani ya pindo la pazia. Pazia lipi, hata mimi hajaniambia.