Nilimwambia Ni Kivuli, Akanitii

Nilimponza msichana asiye na hatia akafukuzwa kazi, na nilichotumia kumponza ni heshima aliyonipa yeye mwenyewe. Sitaki pole. Pole zimejaa tele humu jukwaani. Kila anayeleta ungamo lake anafutwa machozi na watu ambao hawakumuuliza hata mara moja yule aliyeumizwa anaendeleaje. Mimi nisomeni tu.

Mnijue kwanza. Mimi si mtu wa kubebwa. Nilifika Toronto bila mjomba wala shangazi wa kunipokea, nikaanzia mtaa wa Jane na Finch kwenye chumba cha kuchangia, mchana nasugua masufuria mkahawani, jioni napanda basi kwenda chuoni. Nikatoka na diploma ya ukaguzi wa maungo ya ndege. Diploma, si digrii. Wenye digrii niliowakuta huko walikuwa hodari wa kueleza nadharia ya ufa. Mimi ufa naujua nikiuona. Hilo nalisema hata leo na silionei haya.

Diploma hiyo ndiyo iliyoniingiza kwenye kampuni moja ndogo upande wa Weston, jina lake naliacha. Kazi yetu ilikuwa hivi. Wanaanga wakitoka nje ya kituo chao huko juu kukagua kama chombo kimegongwa na vijiwe vya angani, huipiga picha ngozi ya chombo, bati kwa bati. Picha zinashuka duniani, nasi tunazitazama wakati wao bado wananing'inia kule nje kwa kamba, hewa yao wameibeba mgongoni.

Nilipowaeleza Waswahili wenzangu kwenye sherehe moja ya kanisa, Mkenya mmoja akacheka mpaka akaweka sahani chini. "Kwa hiyo wewe ni mtu wa eksirei, lakini ya roketi."

"Na wewe je?"

"Mimi niko airport."

"Unarusha ndege?"

Akaiokota sahani yake. Alikuwa akipanga mabegi. Watu wa namna hiyo ndio waliokuwa wakinipima.

Sasa sheria ya kazi, maana bila hiyo hamtanielewa. Kila picha hutazamwa na watu wawili, kila mmoja kwenye kibanda chake, kati yao kizigeu. Ni marufuku kuambiana umeona nini. Wote wawili wakisema safi, mwanaanga anasonga mbele. Wakitofautiana, anaombwa arudi kwenye bati lile lile alipige picha tena kwa upande mwingine, kabla hajaingia ndani. Usalama wote umelala hapo, kwamba mtu wa pili hajui wa kwanza kaona nini.

Sheria hiyo ilitungwa na watu wasiojua Kiswahili.

Msichana mwenyewe nitamwita Shirin. Ni wa familia ya Ismailia, wanakaa Unionville, wazazi wake wamezaliwa Mwanza, yeye kazaliwa huko huko Kanada. Ana digrii mbili. Kiswahili alifundishwa na bibi yake jikoni, kwa hiyo anajua jina la kila kiungo cha pilau lakini hajui neno la ushuru. Siku ya kwanza alinisikia nikiongea na simu, akachungulia juu ya kizigeu.

"Wewe mtu wa nyumbani?"

"Nyumbani wapi? Umewahi kufika?"

"Sijafika. Shikamoo, Kaka."

Jamani, mtu asinicheke. Katika ofisi ile vijana wasio na hata ndevu walikuwa wakinipiga bega na kuniita jina langu la ubatizo. Msimamizi wetu, mama mzima, alitaka tumwite Diane, Diane tu, kama tunacheza naye rede. Nilikuwa nimekaa miaka mingi bila mtu yeyote kunipa umri wangu. Niliitika "Marahaba" kwa sauti ya ofisi nzima kusikia, ingawa hakuna aliyejua nimeitika nini.

Basi kila asubuhi shikamoo, na kila Ijumaa vitumbua vya bibi. Nami nikaanza kumlea. Alipokawia kwenye picha nilikuwa nikikohoa kumpa ishara. Au naimba kidogo, "Binti, kona ya kushoto, tazama kona ya kushoto." Akishanielewa anasema asante. Niliona namsaidia, na ndivyo nilivyojisemea: huyu ni mtoto wa nyumbani, asije akaaibika mbele ya Wazungu.

Siku yenyewe wanaanga walikuwa wanakagua chombo ambacho kingewarudisha duniani watu waliokuwa kituoni. Ikaja picha ya ukingo wa ngao ya joto, ile inayozuia chombo kisiungue kinaporudi. Palikuwa na doa jeusi karibu na mshikio wa wanaanga. Nikalitazama nikaona kivuli cha mshikio. Nikaandika safi, nikaendelea.

Upande wa pili wa kizigeu mambo yakasimama. Nikamsikia anaivuta picha, anaikuza, anairudisha, anaikuza tena. Nikajua ameshika doa lile lile.

Niwaambie tofauti ilimaanisha nini. Ilimaanisha Diane angekuja awasimamishe wawili mbele ya skrini, kila mmoja ajitetee, sawa kwa sawa. Tangu niingie pale sikuwahi kusimamishwa nikaonekana mimi ndiye niliyekosea. Nikaona siwezi kuanza na msichana anayeniita Kaka.

"Shirin," nikasema polepole, kama mtu anayeulizia chai, "hicho ni kivuli cha mshikio. Pitisha."

Akaikuza picha mara nyingine. Kisha, "Kaka, mbona kama kina midomo? Kingo zake zimeinuka."

"Kivuli kikipita juu ya mshono huonekana hivyo. Nani alitangulia kazi hii, mimi au wewe?"

"Wewe, Kaka."

"Basi usinipeleke kwa huyu mama nikahojiwe kama mtoto."

"Samahani, Kaka."

Diane alikuwa anapita na kikombe chake. Akauliza kwa Kiingereza chake cha uchangamfu tunasemezana nini. Nikamjibu nimeulizia bibi yake Shirin anapika nini leo. Akacheka, akasema na yeye awekewe. Picha ikapita.

Wanaanga wakarudi ndani. Siku chache baadaye timu nyingine, ya mbali kabisa na sisi, ikapata picha ya mahali pale pale, safari hii jua likiwa upande wa pili. Vivuli vyote vilikuwa vimehama, lakini doa langu lilikuwa pale pale.

Ikabidi watu wawili wavae tena yale mavazi yao, wafungue mlango, watoke nje wakalitazame. Lilikuwa tundu. Dogo, lakini kwenye ngao. Safari ya kurudi ikasitishwa mpaka wapelekewe chombo kingine. Na ninyi mlioanza kuniambia hakufa mtu, nyamazeni. Wale watu walikuwa waingie kwenye chombo kile, wafunge mikanda, washuke nacho kwenye moto wakiamini kuna macho manne yaliyokitazama.

Tukaitwa, mimi na Shirin, mbele ya Diane. Kompyuta ilionyesha kwamba mimi niliandika safi moja kwa moja. Hilo ni kosa la macho, nalo husameheka. Lakini Shirin alikuwa ameliwekea doa alama ya hatari, kisha akaifuta mwenyewe. Aliliona akaliacha.

"Kwa nini ulifuta?" Diane akamuuliza.

Shirin akanitazama. Wewe unayesoma, kama umelelewa kwetu, unaujua mtazamo ule. Mdogo hawezi kumtangulia mkubwa kwenye jambo linalomhusu mkubwa. Alikuwa ananisubiri nianze. Mimi nikatazama meza.

Diane akanigeukia. "Mliongea kuhusu picha hiyo?"

"Hapana. Kila mtu alikuwa kwenye kibanda chake."

Shirin bado alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Nilijitilia shaka." Akasema hivyo tu, na kwa neno hilo wakamwachisha kazi.

Alinikuta kwenye lifti amebeba vitu vyake kwenye boksi. "Kaka, kwa nini?"

Nilimjibu hivi, naandika kama nilivyosema: "Wewe una digrii mbili, kesho utapata kazi. Mimi nikitoka hapa narudi kwenye masufuria."

Hakupata kazi kesho wala mtondo. Nani atamwajiri mkaguzi anayefuta alichokiona? Ulimwengu wa kazi ile ni mdogo, wote wanajuana. Mimi nikabaki, mwezi ukiisha napokea mshahara, na kwenye kibanda chake wakamleta kijana wa Kiitaliano asiyejua hata kusema jambo. Mara ya kwanza nilipokohoa aliniuliza kama nataka dawa.

Nikanunua kapu la matunda nikaenda Unionville. Kufungua mlango, ni bibi mwenyewe, mfupi, miwani imekaa juu ya ushungi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Kaka?"

"Ndiye mimi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Kwa alivyokuwa akikusimulia, nilidhani ni mtu mrefu."

"Shirin yupo?"

"Yupo juu. Hashuki."

"Nimemletea matunda."

"Matunda hupelekewa mgonjwa. Huyu haumwi, amefukuzwa kazi. Rudi nayo."

Nikataka kueleza. Akanyanyua mkono.

"Mimi ndiye niliyemfundisha, mtu wa nyumbani aliyekuzidi umri usimbishie. Ndivyo tulivyolelewa Mwanza, Mhindi, Msukuma, Mwarabu, wote. Mdogo ananyamaza, mkubwa anamsemea. Yeye kanyamaza, kafanya zamu yake. Wewe ulikuwa unamsubiri nani aseme?"

Nikaliinua kapu langu. Mlango ukafungwa taratibu, bila kubamizwa. Angenitukana ningeweza kumtukana moyoni na kulala.

Siku iliyofuata nikaenda kwa Diane nikamwambia yote: lugha, kivuli, vitumbua. Nilikwenda kama shujaa, msinifikirie vinginevyo. Nilijiona nakwenda kumwokoa mtu, na kwamba Shirin atarudishwa kazini, na bibi atasikia.

Diane hakukasirika. Akauliza, "Mara ngapi?"

"Mara moja tu."

"Usinijibu haraka."

Nikafikiri. Nikakumbuka kukohoa. Nikakumbuka kona ya kushoto, na nyimbo zangu, na asante zake zote. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

"Basi kila picha mliyokubaliana," akasema, "ilitazamwa na mtu mmoja."

Mimi niliyejivuna miaka yote kwamba sikuwahi kushindwa kwenye tofauti. Ningeshindwaje, nami nilikuwa nakubaliana na nafsi yangu? Picha zetu zote zikatolewa, zikapelekwa kwa watu wengine zianze upya. Mimi nikaonyeshwa mlango siku hiyo hiyo.

Shirin naye aliitwa. Hakurudishwa. Diane alinieleza kwenye simu bila kuzunguka: msichana angesema siku ile ya kwanza kwamba aliambiwa apitishe, angepewa onyo na kubaki. Kilichomponza si kutii, ni ule uongo wa "nilijitilia shaka", na uongo ule aliusema kwa ajili yangu. Ukweli wangu ulifika wakati hauwezi tena kumsaidia. Ulibadilisha tu sababu iliyoandikwa ya kufukuzwa kwake.

Sasa nimerudi nyumbani. Nimejenga, nina karakana yangu ya kukagua matangi ya gesi, na vijana wanaofanya kazi kwangu wananisalimu wakiwa wameinama. Mitaani wananiita mtu wa roketi. Wakinitaka niwasimulie Toronto, wengi wanataka kusikia theluji na mshahara. Nawasimulia, maana hawastahili zaidi ya hayo.

Lakini wewe niliyekuwekea haya yote, nisikilize. Ukiwekwa na mdogo wako mtazame kitu kimoja, iwe karatasi za mtihani, iwe nguzo ya jengo, iwe damu ya mgonjwa, ziba mdomo wako mpaka amalize. Usimkumbushe umri wako. Na ikiwa ulishamfumba macho, basi siku mtakapoulizwa usitazame meza. Wahi wewe kusema, kabla mtoto wa watu hajalazimika kusema uongo kwa ajili yako.