Herufi Tatu na Kipande cha Mfereji

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, na hata sasa nikiisimulia viganja vinanitoka jasho.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, nami nilikuwa darasa la nane huku milimani Upare. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na mtindo wake. Anaandika herufi chache ubaoni, nanyi mtafute maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo zote, popote zilipokaa ndani ya neno. Siku nyingine ulikuwa mchezo, tukicheka. Jumamosi ile haukuwa mchezo. Mwalimu alikuwa amesema kwamba kwa zoezi hilo atachagua msichana mmoja wa kumtayarisha kwa mtihani wa sekondari, na nyumbani kulikuwa na watu wa kijiji cha Ngujini waliokuja kuniposa.

“Nakijwa,” baba aliniambia, “mwalimu akisema unaweza, nitawaambia wageni wangoje. Akininyamazia, nitawakubalia.”

Hakuwa mkali. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioninyima usingizi.

Nirudi nyuma kidogo, maana nyie vijana mnapenda kukimbilia mwisho. Wiki hiyohiyo tulikuwa na msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ya kuzibua mfereji wa ndiva, bwawa letu la kukinga maji ya mashamba. Viongozi wa chama waliiita kujenga taifa. Sisi tuliiita msaragambo kama tulivyoikuta. Kila mtu alipimiwa kipande chake cha mfereji. Mimi, mawazo yakiwa kwenye posa, nilichimba hapa kidogo, nikarukia pale penye tope jepesi, nikainua kichwa kuangalia wenzangu wamefika wapi. Mama alinitazama mpaka akachoka. Akanijia, akasema kwa sauti ya chini watu wasisikie:

“Unatembea na jembe tu. Anzia pale kipande chako kinapoanzia. Toa tope la hapo uliposimama, ndipo usogee. Kule mbele utafika.”

Niliona haya, nikafanya alivyosema, kisha nikasahau.

Sasa Jumamosi. Mwalimu akaandika A, R, T, akatazama saa yake, akatuambia tuanze. Mwanangu, kichwa kilikuwa kitupu. Nilisikia kalamu za wenzangu zikikwaruza, nami nikawa nawaza nyumba nisiyoijua na mama mkwe nisiyemjua. Nikarukia neno refu nililowahi kulisoma, likanipotea katikati. Nikashika jingine, kumbe halina R. Nikaiweka kalamu chini, nikaukalia mkono.

Ndipo nikakumbuka maneno ya mama. Sikujua kama yangenisaidia, ila sikuwa na kingine. Kwa mawazo nikajirudisha nyumbani, nikasimama mlangoni, nikaanza kutembea polepole, na kila nilichokikuta nikakitafutia jina lake la Kiingereza. Baba ameketi kibarazani: father, herufi zote zimo. Mimi bintiye: daughter. Mama hakuwamo, neno lake halina A, nikampita kwa uchungu. Maji mtungini: water. Udongo wa shamba: earth. Nikateremka mlima wote hadi sokoni Same: market. Sikuruka kitu. Hofu nayo haikuniacha hata kidogo. Niliandika nikiwa nayo mpaka mwalimu aliposema tuweke kalamu chini.

Alikusanya karatasi, akaenda nazo. Kesho yake alasiri akaja nyumbani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, Nakijwa.”

Walikaa na baba kibarazani, wakazungumza mvua za vuli, wakazungumza ugonjwa wa kahawa, wakazungumza daraja lililobomoka. Mimi jikoni nilichochea moto uliokuwa unawaka vizuri. Mama alimenya ndizi bila kuniangalia. Nadhani naye aliogopa.

Mwishowe baba akaniita. Alikuwa ameishika karatasi yangu, yeye asiyejua kusoma, na alikuwa anamwuliza mwalimu, “Na mimi nimo humu?” Mwalimu akamwonyesha neno. Baba akaweka kidole juu yake. Kisha akasema, “Watu wa Ngujini nitawaambia wangoje.”

Nililia hadi nikaona aibu mbele ya mwalimu.

Wewe, mwanangu, una simu ambayo ukiipa herufi inakuletea maneno yote, na sikulaumu. Ningekuwa nayo siku ile ningeibonyeza. Lakini wiki ijayo utaingia kwenye mtihani wako bila simu, na nimekuona hulali, huli, unafungua kitabu hiki na kukifunga, unafungua kile. Nasaha yangu ni hii: usingoje hofu iondoke ndipo uanze. Anza nayo. Shika lile unalolijua, lililo karibu kabisa nawe, ulimalize, kisha ushike linalofuata. Ukikwama, tupitie kwa mawazo sisi watu wa kwenu, mmoja mmoja. Hatuna elimu yako, lakini tutakutuliza.

Mungu akutangulie kwenye chumba hicho, autulize mkono wako, na majibu yatakapofika, vyovyote yatakavyokuwa, yatukute tungali hapa kukupokea.