Unga Nilioukoroga Nyumbani kwa Wifi

Akina mama wenzangu, mmeniomba niseme habari za tumbo langu. Nitazisema zote, na anayeona aibu kusikia mambo ya chooni aangalie dirishani.

Mnanijua. Hapa Ijumbi hakuna aliyewahi kunibembeleza nile. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage nilikuwa namaliza sahani, kisha nauliza kilichobaki kwenye sufuria. Na tangu nifiwe na mume wangu, kila Jumapili tukitoka kanisani nakula kwa dada yake, wifi yangu Kokunura, hapo ng'ambo ya migomba. Yeye hana mume, mimi sina dada. Tunatunzana.

Kisha tumbo likafunga. Siku zinapita bila choo, na kikija ni kigumu kama cha mbuzi. Nachuchumaa natokwa jasho mpaka miguu inakufa ganzi. Nikila kidogo tu tumbo linajaa gesi, sketi haifungi, kiungulia kinapanda hadi kooni. Nikaanza kuogopa chakula.

Sasa nyie ni Wahaya kama mimi, mnajua mgeni akikataa chakula amesema nini: anaogopa kuwekewa sumu. Mwenye nyumba huonja kwanza ili mgeni awe na amani. Kokunura alikuwa anaonja mbele ya macho yangu, ananisogezea sahani, mimi naidonoa na kuirudisha. "Nimeshiba, wifi." Jumapili baada ya Jumapili. Ningeanzaje kumwambia mtu mezani kwamba sijapata choo?

Binti yangu Alinda, anayekaa Nshambya, akanivuta hadi hospitali Bukoba mjini. Wakanipima. Daktari, mama mmoja mpole, akasema, "Hakuna vidonda wala uvimbe. Mama, unakunywa maji?"

"Nakunywa chai."

"Nimeuliza maji."

Alinda akacheka, mtoto hana adabu yule.

Tulipotoka hapo, binti huyo akaninunulia kopo la unga wa Kihindi, dawa ya Ayurveda, matunda makavu yaliyosagwa. Mimi simezi tu kila kinachouzwa, nikampelekea daktari. Akalisoma, akauliza dawa nyingine ninazotumia. "Siwezi kukuahidi kitu," akasema. "Jaribu kijiko kimoja cha chai jioni, kwenye maji ya uvuguvugu. Ukiharisha au ukiona damu, acha, uje haraka. Na maji, mama. Na mboga za majani."

Unga wenyewe ni mchungu, una ukakasi kama ndizi mbichi. Lakini siku chache tu tumbo likaanza kulegea.

Jumapili moja mvua ikanizuia kwa Kokunura hadi jioni. Nikaomba maji ya moto kidogo, nikayapooza. Alipoingia jikoni nikafungua pindo la kanga, nikatoa unga kwenye karatasi, nikaukoroga harakaharaka. Kuinua macho, kasimama mlangoni na sahani mkononi.

"Unaweka nini kwenye kikombe changu?"

"Dawa."

"Dawa ya nini? Ya kujikinga na chakula changu?" Akaweka sahani chini. "Nilijua. Muda wote huu unaniona mchawi. Kaka yangu nilimuuguza nikamzika, waitu jamani, leo wewe unaniogopa?"

Niliumia kuliko tumbo lilivyowahi kuniuma. Nikamwambia yote: mbuzi, gesi, sketi, daktari. Hakuamini.

"Kama ni ya tumbo, kunywa nione."

Basi nikafanya kama mwenye nyumba. Nikaonja mbele yake, nikamsogezea kikombe. Akakichukua, akapiga funda kubwa. Uso ukamkunjamana wote.

"Mae! Sumu haiwezi kuwa mbaya hivi," akasema. "Nani angeinywa?"

Tukacheka mpaka tukalia, na kulia tulilia kweli. Asubuhi yake akaja kwangu ameshika tumbo, jogoo walimkuta chooni. Kwa hiyo dawa msigawiane, yeye hakuwa mgonjwa.

Leo mimi ni mzima. Naenda shamba na dumu la maji, nakula mchicha na papai, na kule chooni sikai, naingia na kutoka naimba. Alinda anasema ni unga, daktari anasema ni maji. Wabishane wao, mimi namshukuru Mungu kwa vyote viwili, na kwa huyo binti asiye na adabu.

Ninachowaambia ni hiki. Tumbo likikusumbua, nenda upimwe kwanza, na hata unga wa kopo mwonyeshe daktari. Na nyumbani sema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kabla ya kifo yanamwondolea watu wake.

Jumapili iliyopita Kokunura alipakua, akashika kijiko ili aonje. Nikamshika mkono.

"Acha," nikamwambia. "Leo naanza mimi."

Nikala. Nikamaliza sahani, nikauliza kilichobaki kwenye sufuria.