Shemeji wa Langoni

Nyuma ya mtaa wetu palikuwa na kiwanda cha ngozi. Kilikufa zamani. Mashine ziliuzwa, mabati yakang'olewa, ukuta ukaenda tofali kwa tofali. Kilichobaki ni lango la chuma na bawabu wake.

Ukuta hakuna, lakini lango analifunga. Watu wanapita pembeni wakimcheka. Yeye anasema mwenye adabu hupiga hodi. Hakuna aliyemwachisha kazi, naye hakujiachisha. Analima mchicha mbele ya kibanda chake, kwingine hagusi. "Niliambiwa nilinde," husema, "sikuambiwa nifyeke." Basi pori likaota katikati ya mji.

Mke wangu alikuwa akienda huko alasiri kukata nyasi za fagio. Alirudi na vishona nguo, zile mbegu za pori zenye miiba, vimemganda kwenye gauni. Mimi ni fundi cherehani, siwezi kuona kitu kimeganda kwenye nguo nikakiacha. Nilivichomoa kimoja kimoja, yeye akipiga soga. Habari za huko sikumuuliza. Nilijua ni nyasi tu.

Alipokufa nyumba ikanishinda. Nikaenda kule langoni.

"Pole, shemeji," Bawabu akasema akifungua lango.

"Shemeji kwa upande gani?"

"Marehemu alikuwa dada yangu."

"Kwao walizaliwa wasichana watupu."

"Basi mimi ni kaka wa langoni."

Akanitembeza kama mwenye nyumba anavyomtembeza mgeni. Nilitamani kumwambia kwa marehemu mgeni ni yeye. Tukafika kwenye shimo la kurowekea ngozi. Zamani lilinuka mpaka nzi wakalikwepa. Sasa lina matete, vyura na kereng'ende.

"Maji yote ya mapaa yenu yanakuja kunywewa hapa," alisema. "Pori likiondoka, mtalala nayo kitandani."

Sikuwa na habari na maji. Nilikuwa natazama jiwe ambalo Bawabu alisema mke wangu alikuwa akilikalia. Lilikuwa limelainika.

Kwenye matete alisimama korongo, shingo kaikunja.

"Yule ndiye Fundi," Bawabu akasema.

"Nani kamwita hivyo?"

"Dada. Alisema anasimama kama wewe ukitunga uzi kwenye sindano. Macho yamegoma, na kusaidiwa hutaki."

Akacheka. Mzaha wa mke wangu, unaonihusu mimi, umekaa kinywani mwa mwanamume mwingine. Wivu wa uzeeni ni kama pasi ya mkaa. Moto huuoni, lakini nguo inaungua.

Asubuhi nikarudi na fyekeo, nikapita pembeni. Nilitaka pale pawe pangu, nimwone yule ndege bila kuonyeshwa na mtu. Nikafyeka matete yote yaliyozunguka jiwe, nikasawazisha kama ninavyokata nyuzi zilizochomoza kwenye pindo. Pakapendeza. Nikakaa.

Korongo hakuja. Kesho yake hakuja. Vyura nao kimya. Nilipoinua macho nikamwona ng'ambo ya shimo, hatua chache kutoka kibandani kwa Bawabu. Hata ndege kamchagua yeye.

Nikamwendea Bawabu. "Unamlisha nini?"

"Nani?"

"Fundi."

"Mimi na mchicha wangu nitamlisha nini? Anakula vyura, na vyura wanataka pa kujificha. Wewe umewafagilia nyumba mpaka umeibomoa, shemeji."

"Nilitaka pawe safi kwa ajili yake."

"Marehemu au korongo?"

Hata mimi sikujua.

"Dada alikata nyasi za juu," akasema. "Matete hakuyagusa. Aliniambia, huko ndani kuna watoto wa watu."

Hilo nalo alikuwa nalo yeye. "Yataota tena?"

"Ukiyaacha. Na pale kwenye jiwe usiende kwanza, unakanyaga machipukizi."

"Mimi nimtazamie wapi?"

Bawabu akasogea kwenye benchi lake, akapangusa nafasi kwa kiganja. Kutoka pale korongo alionekana mzima, mpaka vidole vya miguu. Kukaa pale ni kukubali kwamba huyu bwana ana kitu cha mke wangu na mimi sina.

Nikakaa.

"Alisema nini kingine?" nikamuuliza.

"Kuhusu wewe?"

"Kuhusu chochote."

Akaanza. Kila neno lilinichoma. Alipotaka kunyamaza nikamwomba lingine.