Kompyuta Iliyouliza Nani Kasema

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu stesheneri, pale Boko, kuchapa kazi yake ya chuo, na mwisho wa kukabidhi ni jioni ileile. Karatasi zikatoka, lakini kila palipotakiwa jina la mwandishi wa kitabu pana alama ya kuuliza.

"Sista, maneno umeleta, orodha ya vitabu umeiacha nyumbani," akasema mwenye stesheneri. "Kompyuta itajuaje nani kasema?"

Mjukuu kashika kichwa. Kaka yake, aliyekuwa nyumbani, akatuma faili la orodha, kazi ikarudiwa kwenye kompyuta, ikarudiwa tena, majina yakakaa. Tukawahi.

Kurudi nyumbani, mke wa mwanangu kanuna. "Mama, watu wanasema wifi ananisengenya."

"Watu gani?"

Akageukia sufuria zake.

"Basi mie naweka alama ya kuuliza. Kalete orodha."