Mke wa Shangazi Kwenye Fomu ya Kodi

Ni mimi niliyeandika "mfanyakazi". Kwa miezi minne niliapa kwamba ni karani wa ofisi ya kodi aliyeliweka alipoingiza fomu kwenye kompyuta, nikamlaani kijana wa watu kwa ufasaha wote niliopewa na chuo kikuu.

Shangazi yangu ni muuguzi mstaafu, anaishi Butiama. Mumewe alifariki bila kumwachia mtoto. Kwetu mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe, akaoa mke wa kuizalia watoto nyumba yake. Tunaita nyumba ntobu. Mke alitoka Guta. Leo watoto watatu wanabeba jina la marehemu, na mama yao, ambaye mimi namwita wifi, anaendesha duka la vitenge Bunda. Leseni na namba ya mlipakodi ni za shangazi, kwa hiyo lazima atoe taarifa ya kipato chake kilicho nje ya pensheni.

Nilitoka Musoma kwenda kumjazia fomu, maana mimi ndiye msomi wa ukoo. Tukafika kwenye nafasi ya msimamizi wa biashara na uhusiano wake na mlipakodi. Shangazi akasema, "Andika mke wangu."

Nilimwona karani akicheka. Hakuwepo, lakini nilimwona, akimwita mwenzake aje asome. Nikaandika "mfanyakazi", mimi huyu huyu ninayeandika makala kuhusu heshima ya mila zetu. Shangazi akatia sahihi bila miwani, kwa sababu ananiamini.

Barua ikaja dukani: kama una mfanyakazi, leta mkataba wake na kumbukumbu za makato ya mshahara. Wifi aliisoma yote. Kwa jinsi shangazi alivyonisimulia, alisema kitu kimoja tu: "Kumbe miaka yote nilikuwaga kibarua." Akafunga duka, akambeba mtoto mdogo, akarudi kwao Guta.

Nikawaka. Nilikwenda ofisini nikagonga meza. Karani, mpole kuliko nilivyostahili, alisema taarifa inarekebishika, tulete fomu nyingine. Mpaka leo fomu zile zinanichefua. Zina nafasi ya kiwanja, ya sanduku la posta, hata ya nukushi ambayo hakuna anayeitumia, lakini aliyezitunga hajawahi kula harusi ya kwetu. Hasira hiyo ilikuwa ya kweli, na nilijificha nyuma yake. Kila shangazi alipouliza nani aliandika lile neno, nilimwongezea karani dhambi nyingine.

Wale watoto wawili waliobaki Butiama waliacha kuuliza mama anarudi lini. Wakaanza kuniuliza huyo karani anafananaje. Nikawajibu kwamba ni mnene.

Siku hiyo hiyo nikampigia wifi. Nikamwambia si karani, ni mimi, niliona aibu. Nilisikia kuku wa kwao.

"Aibu ya nani, wifi?"

"Yangu."

"Si ulicheza kwenye harusi yangu wewe?"

"Nilicheza."

"Basi Jumatatu nafungua duka. Fomu mpya utaijazia pale kaunta, wateja wakiwepo. Utaandika mke, halafu utaisoma kwa sauti."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri sana ya kuomba radhi, lakini alikuwa ameshakata simu.