Mifupa Iliyocheza Dukani Kwetu

Mume wangu alikuwa mwalimu wa madrasa, na mdomo wake haukuwa na kufuli. Kampala ya utawala wa wanajeshi, mtu alichukuliwa kwa neno moja tu. Yeye alikuwa nayo elfu.

Ukutani mwa duka letu la Bwaise ilining'inia picha ya mkubwa wa nchi, kama amri ilivyotaka. Basi fundi mmoja Mjapani wa kiwanda cha mashati, mteja wetu, akirudi kwao akatuachia mchoro wa wino mweusi: maiti watatu, mifupa mitupu. Mmoja anapiga ngoma. Wa pili anakata kiuno, na kiuno chenyewe hana. Wa tatu kalewa chakari, kakumbatia kibuyu.

Mume wangu akautundika chini ya picha ya mkubwa.

"Mwalimu, niondolee maiti hawa," nikamwambia.

Akaanza darasa. Kwa dini yetu picha ya chenye roho haifai, lakini hawa hawana nyama wala macho, basi hapana ubaya. Halafu tazama ubavu huu, mpigo mmoja tu wa brashi! Kila aliyekuja kununua sabuni alisomeshwa hayo. Nilichoka jamani.

Mchana mmoja akaingia askari kutafuta sukari. Akautazama mchoro, akacheka.

"Mzee, hii watu ya mifupa nafurahia nini?"

Mwalimu akamjibu kwa raha zake. "Hii inafaa, mwanangu. Isiyofaa ni picha ya mtu aliye hai."

Askari akaacha kucheka. Akainua macho taratibu mpaka picha ya juu.

"Kama ile?"

Nikamwona mume wangu anavuta pumzi. Wallahi alitaka kujibu! Nikamziba mdomo kwa ncha ya khanga, kama ninayempangusa mtoto.

"Afande, msamehe. Malaria ilimpanda kichwani, hana akili tangu hapo. Jana kamsomesha mbuzi."

Askari akatutazama sana, kisha akachukua sukari yake. "Pole, mama. Wewe iko na kazi," akasema, akatoka.

Mtu aliyehifadhi msahafu mzima kuitwa mwendawazimu mbele ya mteja! Alikunja mchoro wake, akauficha chini ya kitanda, akaninunia wiki nzima. Kila jioni alikula kanipa mgongo. Nami nilikaa nyuma yake nikiutazama mgongo ule, una nyama yake yote, nikamshukuru Mungu.